Kiraka cha Ukurasa wa Thelathini na Moja

Tarehe 3 Februari

Mke wangu mdogo,

Nimenyolewa bila maji. Ule ukurasa wangu wa kwanza kwenye kamusi elezo ya mtandaoni uliyonionesha, ule wa kazi ya kupanga herufi za chapa, niliokalia siku tisa mpaka makalio yakaota sugu, nimeufungua leo asubuhi nikakuta imebaki mistari minne. Minne! Hata tangazo la mbuzi aliyepotea huwa na sita. Juu yake wamebandika kibao: "Makala hii haina marejeo. Imeandikwa kwa mtindo wa mazungumzo." Sasa walitaka niandike kwa mtindo gani, wa kununa?

Kuna mmoja anajiita Chujio. Ndiye aliyeshika panga. Amefuta pale niliposema mpanga chapa mzuri hujulikana kwa kucha nyeusi na mke mvumilivu. Pembeni ameandika, "Maoni binafsi." Maoni binafsi vipi, na bibi yako yuko hai na anaweza kuulizwa? Amefuta hata pale niliposema tulikuwa tukisoma herufi kinyumenyume, kama mtu anayejisoma kwenye kioo. Eti nani kasema. Mimi nimesema! Miaka thelathini na minane nimeifanya kazi hiyo, mimi niliyeacha shule darasa la nne na kusoma kwenyewe nikakujifunzia kwenye visanduku vya herufi.

Na jina langu nalo alilitilia shaka, akauliza kama "Babu Risasi" ni la vitisho. Nikamjibu risasi ni madini tuliyoyeyusha kumimina herufi, na kiumbe pekee niliyewahi kumtisha duniani ni paka wa jirani, naye hakuogopa.

Haya, nicheke tu. Unajua mwenyewe sikujiunga huko kwa ajili ya herufi. Herufi ni kichwa cha kujifunzia kunyoa. Kichwa chenyewe ni lile tangi kubwa la maji, ambalo mke mwenzio analiona kila akifungua dirisha. Limepewa ukurasa wake humo, na picha nzuri, na lita zake zimehesabiwa, na baba yake hayumo. Alikuwa na miaka tisa jukwaa la wajenzi lilipokatika na baba akaletwa nyumbani amelazwa juu ya mlango. Watu sita walikufa siku ile. Nimemwahidi nitamwingiza baba yake humo kabla... hapo nilinyamaza, lakini daktari wiki iliyopita alinimalizia. Moyo wa bibi yako umechoka, amesema, tusihesabu kwa miaka.

Basi kila asubuhi ananiuliza, "Baba ameingia?" kama mtu anayeuliza maziwa yamechemka. Nifundishe huyu Chujio anapitwaje.

Mumeo mzee,
Babu Risasi


Tarehe 9 Februari

Babu, shikamoo. Na pole kwa kunyolewa, mume wangu, ingawa nywele zenyewe zilishabaki za kuombea.

Nakuandikia nikiwa ndani ya kreni yangu, juu ya jengo, upepo umetusimamisha kazi. Sikiliza. Wiki yangu ya kwanza humu msimamizi alinifokea kwenye redio mbele ya watu wote mpaka nikajifungia chooni nikalia. Yule yule ndiye aliyenifundisha kushusha nondo bila kumgonga mtu. Wanaofuta si maadui zako wote. Wengine wanaogopa tu kitu kisije kikamwangukia mtu.

Fanya hivi: usijibu ukiwa na hasira, kanywe maji kwanza. Usiweke ukurasa mzima, weka sentensi moja. Na kila sentensi itafutie karatasi ya kuishikilia. Mtu akifuta maneno yako hajakufuta wewe, Babu. Wewe hufutiki, bibi amejaribu miaka hamsini.

Mwambie mke mwenzangu baba yake ataingia. Mwambie nimesema mimi.

Mkeo wa juu


Tarehe 14 Februari, ukurasa wa majadiliano

Ndugu Babu Risasi,

Nimerudisha makala ya tangi la maji kwenye toleo lake la awali. Sentensi uliyoongeza, "Walikufa watu sita hapo, mmoja ni baba mkwe wangu, na anayebisha aje tumwoneshe kaburi", haina chanzo kinachoweza kuthibitishwa, wala haifai kwa mtindo. Hii ni mara ya tatu. Tafadhali usiirudishe bila marejeo. Tunathamini mchango wako.

Chujio


Tarehe 15 Februari, ukurasa wa majadiliano

Ndugu Chujio,

Asante kwa kunithamini. Umenithamini mara tatu na mara tatu nimebaki bila nguo.

Hilo la kaburi nakubali, ulimi uliteleza. Lakini chanzo ninacho. Kiko hapa ubavuni kwangu kinakunywa chai. Kina miaka sabini na moja na kilimwona baba yake akivushwa kizingiti. Nifanyeje, nikitie kwenye mabano? Wewe unataka karatasi. Mwanangu, maana nahisi wewe ni kijana, mimi nimechapa karatasi maisha yangu yote. Karatasi haina haya. Ukiipaka inapakika.

Babu Risasi


Tarehe 16 Februari, ukurasa wa majadiliano

Mzee wangu,

Samahani, sikujua umri wako. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na kazi hii naifanya bure, kama wewe. Simkatai mama. Lakini kila wiki naletewa mambo yaliyoapiwa na bibi wa mtu. Juzi kuna aliyeapa babu yake ndiye aliyevumbua miwani.

Na hapa kuna tatizo kubwa zaidi. Makala yenyewe imenukuu chanzo kinachosema kinyume chako. Baraza la mji lilitoa kitabu, *Miaka Kumi ya Tangi Letu*. Nimekishika kwa mikono yangu maktabani. Ukurasa wa 31, chini kabisa: "Kazi yote ilikamilika bila mtu hata mmoja kuumia, na wajenzi wakarudi makwao wakiimba."

Kitabu upande mmoja, neno la mtu upande wa pili. Unaona nilivyobanwa. Ukinipatia hata karatasi moja ya wakati ule, gazeti, rejista, hata barua ya baraza, hiyo sentensi yako nitaiandika mwenyewe.

Chujio


Tarehe 2 Machi

Mjukuu wangu,

Macho yananisumbua. Nimeona niache haya mambo ya kamusi, niyaachie wenye macho.

Usidhani sikuhangaika. Nimekwenda baraza la mji, wakanionesha kabati la rejista za miaka ile. Mchwa wamezisoma zote mpaka ukurasa wa mwisho. Gazeti la wakati ule halikuandika neno, lilikuwa likila mkononi mwa baraza. Na kitabu kipo kinachosema hakuna aliyeumia. Kitabu kimesema, basi. Sisi akina nani? Tumbo la kitabu likishashiba uongo halitapiki.

Jana bibi yako kaniuliza tena, "Baba ameingia?" Nikamwambia yuko mlangoni anavua viatu. Akacheka mpaka akakohoa. Nikatoka nikaenda kusimama jikoni, sikumbuki nilikuwa nafuata nini.

Usinihimize safari hii. Mzee akichoka huachwa akae.

Babu


Tarehe 8 Machi

Babu,

Macho gani? Mwezi uliopita Shangazi aliniambia wewe ndiye unayemtungia bibi uzi kwenye sindano. Kuna kitu hukisemi, na mimi nitakisema changu ili uone aibu.

Kwenye lango la kazi yetu kuna ubao mkubwa: SIKU 212 BILA AJALI. Mwezi wa kumi na moja fundi wa nondo alianguka kutoka ghorofa ya nne. Nilimwona, mimi niko juu ya kila mtu, naona kila kitu. Kesho yake asubuhi namba kwenye ubao ilikuwa imeongezwa moja, kama kawaida. Kuna mtu alipanda ngazi, Babu, akiwa na brashi na kopo la rangi, akajua, akaandika. Tangu siku hiyo nikipita langoni natazama watu mikono nimjue ni nani.

Ndiyo maana hicho kitabu kimeninyima usingizi. Hakuna aliyeumia, sawa, wakubwa ndivyo wasemavyo. Lakini wakiimba? WAKIIMBA? Nani alikaa akaona uongo hautoshi mpaka autie na nyimbo? Mkono ulioandika neno hilo ukauke. Kama mwenyewe amekufa, asilale.

Usiache. Wakikufuta mara mia, andika mara mia na moja. Si kwa ajili yangu. Bibi anangoja.

Mkeo


Tarehe 20 Machi, ukurasa wa majadiliano

Mwalimu Chujio,

Uliniomba karatasi ya wakati ule. Nimekuletea mtu wa wakati ule.

Pale kiwandani kwetu, ukurasa ulipobaki na nafasi tupu chini, hatukuuacha hivyo. Nafasi tupu ilikuwa aibu, kama suruali iliyotoboka. Nyapara alikuwa anapiga kelele, "Kiraka!" na aliyekuwa karibu alitunga mistari miwili mitatu ya kujaza. Kwenye gazeti tulitia mambo ya twiga kulala amesimama. Kwenye kalenda tulitia methali, zikiisha tukatunga zetu. Hakuna aliyeuliza. Kiraka si habari, ni kitambaa tu.

Siku ya kitabu cha tangi, mgeni wa kukizindua alikuwa anafika saa nane mchana. Ukurasa wa 31 ulibaki na nafasi ya mistari miwili. Nyapara akasema, "Jaza kitu cha kupendeza." Mimi nilikuwa na miaka ishirini, mgeni katika mji ule, sikujua habari za jukwaa wala za marehemu. Nilijua tu kwamba kwa mara ya kwanza maneno yangu, si ya mtu mwingine, yangechapwa. Nikayapanga herufi kwa herufi. "Wakiimba" nililiongeza kwa sababu mstari wa pili ulikuwa mfupi.

Nilikata ukurasa huo nikautunza sandukuni. Ndio maandishi yangu pekee yaliyowahi kuchapwa, nami nilijiona mwandishi. Mwaka uliofuata nikaoa. Wiki ya tatu ya ndoa mke wangu akanihadithia baba yake alivyoletwa juu ya mlango. Kesho yake ule ukurasa niliuchoma. Sikumwambia. Na kila alipotaka kuanza tena kisa kile, mimi nilikuwa na msumari wa kupigilia mahali. Ndiyo maana katika hao sita namkumbuka baba mkwe na mmoja aliyeitwa Kinyozi, wengine walinipita.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu ina miaka hamsini na miwili na bado inatembea, tena sasa umeipandisha kwenye mtandao. Ifute. Mwenye sentensi amekuja kuichukua.

Babu Risasi


Tarehe 22 Machi, ukurasa wa majadiliano

Mzee wangu,

Nimekaa na ujumbe wako siku mbili. Nakuamini. Nitakuambia na jambo la aibu: ni sentensi hiyo iliyonifanya niandike makala ile. Niliipenda hiyo "wakiimba". Niliwahi kuisoma mbele ya darasa.

Lakini siwezi kuifuta kwa neno lako. Kanuni hazimruhusu mhariri kuwa chanzo cha kukikanusha kitabu, hata akisema alikitengeneza yeye. Nikikufungulia wewe mlango, kesho atapita mwingine aseme naye alikuwa mpanga chapa, kumbe anafuta wizi wa mjomba wake. Nikiitoa, wenzangu watairudisha kabla sijafunga kompyuta.

Njia ni moja. Ungamo lako lichapishwe na mtu mwingine. Gazeti linatosha, hata barua kwa mhariri, kwa jina lako halisi. Hapo litakuwa chanzo.

Ninajua ninachokuomba. Mama anasoma magazeti?

Chujio


Tarehe 11 Aprili

Babu,

Shangazi amenipigia. Anasema bibi yuko kwake tangu Jumapili, kaja na nguo zake zote na mto wake, na haelezi kitu. Nilidhani mmegombana mambo ya dawa. Leo jirani yenu amenitumia picha ya gazeti.

Nimeisoma mara nne ndani ya kreni. Chini walikuwa wananiita kwenye redio, sikuitika.

Nilisema mkono ukauke. Ulinisoma, ukanyamaza, ukaendelea kuwa Babu. Sijui kama nalifuta neno lile. Ningekuwa nalifuta ningekwisha kulifuta.

Mjukuu wako


Tarehe 19 Aprili

Mjukuu wangu,

Usilifute. Lina marejeo.

Nilimwambia siku moja kabla ya gazeti kutoka, ili asiambiwe na muuza magazeti. Nilichagua wakati namkata kucha za miguu, maana nilijua hapo hawezi kuinuka akaondoka. Ujanja wa mzee. Aliniacha nikamaliza mguu wa pili, mpaka kidole kidogo. Ndipo akasema, "Siku ile nilipokuhadithia, uliinuka ukaenda kuzima jiko. Miaka yote hii nilidhani ulikwenda kulia."

Kisha akaniomba nimpigie simu shangazi yako. Nikampigia. Mto nilimbebea mimi mpaka kwenye gari.

Sasa sikia kichekesho. Barua yangu gazetini ilikuwa ya kurasa mbili. Ya kwanza kisa cha kiraka, ya pili hao sita na jinsi jukwaa lilivyokatika. Wamechapa ya kwanza tu. Chini yake kuna tangazo la magodoro. Nilikwenda nikamwona mpanga kurasa wao, kijana ana hereni sikioni, mpole. Akaniambia, "Mzee wangu, nafasi ilikuwa finyu." Nilitaka kumkaba, nikashindwa, kwa sababu nilimwelewa. Nilimwelewa kabisa kuliko mtu yeyote katika mji ule.

Chujio ni mtu wa neno lake. Siku hiyo hiyo ameifuta sentensi yangu, na gazeti limewekwa kama chanzo. Nimefungua nikaona. Sasa makala inatoka kwenye nguzo inaingia moja kwa moja kwenye lita. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyepona. Uongo umeondoka, ukweli haukupata chanzo. Baba yake yuko palepale alipokuwa, nje.

Shangazi yako anasema hali chakula cha maana, na haulizi tena kama baba ameingia. Nimempoteza yeye, nikanunua nafasi tupu. Hata sokoni sijawahi kupunjwa hivi.

Nyumba hii sikujua ina sauti nyingi hivi. Bomba linadondosha, nalijibu.

Babu


Tarehe 26 Aprili

Babu,

Mimi si wa kukusamehe, si mimi uliyenikosea, kwa hiyo tusiliguse. Naandika kwa jambo moja.

Nimemwandikia Chujio wako. Ndiyo, nimejisajili. Nimemuuliza kama bibi mwenyewe anaweza kuwa chanzo. Anasema maktaba ya mji wenu hutoa kila mwaka kijitabu cha kumbukumbu za wazee. Mzee anasimulia kwa maneno yake, anaandikiwa, anasomewa, anaweka dole gumba, mkutubi anakagua, wanachapa. Kikichapwa, ataandika kwenye makala, "Kwa ushuhuda wa binti wa mmoja wao." Ameahidi. Nimempigia mkutubi, anapokea mpaka mwisho wa Mei.

Shangazi mwandiko wake hausomeki, na mimi huku siachiwi. Umebaki wewe. Nenda. Asipokufungulia, kaa kwenye ngazi. Usimchekeshe, Babu. Nakujua. Mara hii usimchekeshe.

Mjukuu wako


Tarehe 10 Mei

Mjukuu wangu,

Nilikaa kwenye ngazi siku mbili. Ya kwanza shangazi yako alinipitishia maji kama mpita njia. Ya pili bibi yako akasema kutoka ndani, "Mwite huyo, anatuzibia upepo."

Amepungua. Kitandani pale nilitafuta mtu mzima nikakuta shuka. Sikumchekesha. Nilifungua daftari, nikasema nimekuja kuandika ya baba. Akasema, "Andika basi. Walikuwa watano."

Nikadhani umri unamchezea. Nikamwambia taratibu, sita, mama watoto. Baba yako, na yule Kinyozi, na...

"Kinyozi alivunjika mguu. Alikuja kwetu kila mwezi kumtazama mama mpaka nikaolewa. Alikuja kwenye harusi yetu na fimbo yake. Wewe ndiye uliyempa kiti."

Mke wangu mdogo, niliacha kuandika. Nilimkumbuka. Mzee wa fimbo, amevaa koti la kijivu, nilimpa kiti, akaniombea dua. Mtu niliyekuwa namzika kwenye mtandao mara tatu, na barua ya gazeti mara ya nne. Nilikisikia kisa kile mara moja tu, nikiwa na moyo mdomoni, kisha nikawa nakwepa. Nikamwambia bibi yako sikujua. Akasema, "Ungeuliza."

Hakulisema kwa ukali, na hapo ndipo liliponiingia.

Akanipa la baba yake lote. Alikuwa mchanganya zege, mrefu, alikuwa akiinama kuingia mlangoni kwao, na siku ile mlango uling'olewa ili abebwe juu yake, kwa hiyo alipofika hakuinama. Nimeliandika neno kwa neno. Nikamsomea. Akaweka dole gumba. Hao wengine wanne akasema anawajua wote, majina yao na ya wake zao, maana wajane walikuwa wakikutana kwa mama yake. Lakini pumzi ilikuwa imekwisha. Akasema, "Rudi Jumanne."

Sikuuliza kama anarudi nyumbani.

Nimechonga penseli tatu.

Babu


Tarehe 30 Mei, ukurasa wa majadiliano

Mwalimu Chujio,

Rambirambi zako nimezipata, na za wenzako wale wanaonifutaga, ahsanteni. Mjukuu wangu alishuka kwenye kreni yake akaja, akanishika mkono kaburini. Mkono wa kulia. Ule ule aliouapiza.

Mkutubi amekipokea nilichonacho. Ni nusu ukurasa. Aliniuliza kama ningependa kuongeza maneno kidogo ya kujaza, maana nafasi ipo. Nimemwambia aguse mstari mmoja tu nitamshitaki. Kijitabu kitatoka mwisho wa mwaka, na hapo utaandika kama ulivyoahidi. Naomba usiandike sita. Ulinifuta mara tatu nikakuita panga, na mara zote tatu ulikuwa na haki. Walikuwa watano. Nilikuwa nakuletea uongo mwingine, huu wa pili niliutunga kwa kutosikiliza.

Umeniuliza kama nitaendelea kuhariri, na kwamba wageni wengi hukata tamaa mwaka wa kwanza na wewe hungependa niwe mmoja wao. Sijui, mwanangu. Asubuhi nafungua kompyuta, nafika kwenye makala ya tangi, natazama pale kati ya nguzo na lita, nafunga.

Wa kwanza umempata, na jina lake, na kazi yake, na urefu wake. Wale wanne sina kitu. Sina majina, sina wake zao, sina walikotoka. Jumanne nilifika saa nne asubuhi na daftari langu, shangazi wa mjukuu wangu nikamkuta ameketi mlangoni. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja ya kuuliza, Mwalimu, na mwenye kujua alikuwa amelala upande wa pili wa kitanda.

Babu Risasi